Chupa Iliyofunguliwa Kila Jioni

Wanangu mnaoanza kazi ya macho,

Juzi mliniita nije niwaeleze jinsi teknolojia ilivyoboresha huduma ya glakoma katika miaka yangu ya kazi. Nilikuja na tai yangu. Nikataja kamera, nikataja mashine ya nukta, nikataja meseji za simu, mkapiga makofi, nikapewa soda. Nilipofika nyumbani mke wangu akaniuliza nimewafundisha nini, nikashindwa kumjibu. Nilikuwa nimetaja vyombo tu, kama mtu anayesoma majina ya bidhaa dukani. Kwa hiyo nimeketi niandike nilichopaswa kusema, ila nawaambia mapema kwamba mambo yenyewe yananichanganya mpaka leo.

Mimi ni Ochieng'. Baba yangu alitoka upande wa ziwani akaja kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai, nami nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi huko Kericho. Kipsigis nilijifunza kwa watoto tuliocheza nao, na kilinifaa kliniki kuliko diploma yangu. Nilikuwa nesi wa macho. Wagonjwa wa huku humwita kila mwenye koti jeupe daktari, nikachoka kuwasahihisha.

Aliyenifunza kazi ni Sista Nereah, mama mnene asiyecheka kazini. Siku hizo mgonjwa alilala chali, tukamtia dawa ya ganzi, halafu tukamwekea juu ya jicho kijichuma chenye uzito ili tupime presha. Sista alisema kabla hujagusa jicho la mtu, mwambie utakachofanya, kisha ufanye hicho hicho, usizidishe. Alinionya pia juu ya hilo neno presha. Ukimwambia mtu wa Londiani kwamba ana presha ya macho, atakwenda nyumbani aache chumvi. Nilidhani anatania, mpaka nilipokutana na mzee aliyekula mboga bila chumvi karibu mwaka mzima huku chupa ya matone ikikaa kabatini, haijafunguliwa.

Baadaye ikaja mashine ya kupuliza hewa. Wanaume wa kiwandani, waliozoea kelele za mitambo mchana kutwa, waliruka kwenye kiti kama wameguswa na waya wa stima. Ikaja mashine ya nukta ya kupima upana wa kuona, lile bakuli kubwa unaloingiza uso, na kila unapoona kanuru kadogo unabonyeza kitufe. Kuna mama mmoja alibonyeza bila kupumzika tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilipomuuliza sababu alisema hakutaka tumwone mvivu. Karatasi yake ikatoka inaonyesha macho ambayo hakuna binadamu anayo.

Halafu ikaja kofia.

Kofia lilikuwa jina letu tu. Ni kifaa cha plastiki kilichovalishwa chupa ya matone, kikiwa na laini ndogo ya simu ndani. Mgonjwa akifungua chupa, kifaa kinajua, na kwenye kompyuta ya kliniki panatokea nukta ya kijani. Asipofungua, nukta nyekundu. Mgonjwa naye anapata meseji ya kumkumbusha au kumpongeza. Mradi fulani ulituletea kofia za kujaribu, na hospitali yetu, ambayo sitaitaja, ikachagua wagonjwa wa kuanzia.

Mnajua kwa nini tulizifurahia. Glakoma haiumi. Inakula uwezo wa kuona kutoka pembeni polepole, na kilicholiwa hakirudi. Dawa hairudishi kitu, inalinda tu kilichobaki, na mtu asiyesikia maumivu huona shida kuweka matone kila jioni maisha yake yote. Tukiuliza, "Mzee, unaweka dawa?" wote walijibu, "Naweka." Sasa tungejua wenyewe.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa Mzee Arap Sang, mkulima wa chai kutoka vilima vya juu ya Litein. Mtu mrefu, mtaratibu, aliyekuja kliniki na koti lake la kanisani hata siku za kawaida. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshaharibika kiasi, la kulia lilikuwa bado zuri. Mwanzo kofia yake ilileta fujo kidogo, mara inasema chupa imefunguliwa mara mbili kwa jioni moja, mara dawa imeisha mapema. Baada ya muda mambo yakatulia. Ikawa kijani kila jioni, mwezi baada ya mwezi, bila doa. Wageni wa mradi walipokuja kutembelea, grafu ya Mzee Sang ndiyo iliyowekwa ukutani. Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na faili lake mapajani, na ndani ya faili presha ya macho yake ilikuwa inapanda.

Ndipo tulipoanza kuchanganyikiwa.

Daktari wetu wa macho wakati huo alikuwa Daktari Mwende, msichana mdogo kwangu, mwenye akili na upole. Alifikiri kipima presha kimeharibika. Tukajipima sisi wenyewe, kikatupa majibu ya kawaida. Tukakipeleka kwa fundi hata hivyo, akakirudisha akisema hakina neno. Tukabadilisha kofia tukidhani inadanganya. Kofia mpya nayo ikaleta kijani. Tukabadilisha chupa tukihofu labda dawa ilichomwa na jua dukani. Presha ikazidi kupanda.

"Mzee, unaweka dawa?" Daktari Mwende alimuuliza, kama tunavyouliza wote.

"Naweka, daktari. Hata simu yenu inajua naweka."

"Nayo inashuka vizuri kwenye jicho? Haimwagiki?"

"Inashuka vizuri sana."

Alijibu akimtazama usoni. Nimewaza sana juu ya majibu yale. Hakuna neno hata moja lililokuwa la uongo.

Siku moja alikuja na mke wake, Mama Rael. Huyu mama alikuwa haingii hospitali. Dada yake alifanyiwa operesheni ya macho zamani, akarudi nyumbani haoni, na tangu siku hiyo Mama Rael aliapa kwamba hakuna daktari atakayemgusa jicho. Alikuja tu kwa sababu mzee alikuwa ameanza kujikwaa barabarani. Sisi tulikuwa tumepata kamera mpya ya kupiga picha nyuma ya jicho, na Daktari Mwende alitaka kila anayemsindikiza mgonjwa apigwe pia.

"Sitaki matibabu," Mama Rael akasema.

"Si matibabu, mama. Ni picha," nikamwambia kwa Kipsigis.

Akafikiri. "Picha tu?"

"Picha tu."

Akafunga kitambaa chake vizuri kichwani, akakaa wima, akauliza kama atapewa nakala. Nilipata shida na picha yake. Kope zake zilikuwa ndefu na nyeusi, zinashuka mbele ya lenzi na kuacha kivuli chini ya picha. Ikabidi nizishike kwa pamba. Nikamtania, "Mama, hizi kope ni za msichana wa shule." Akacheka mpaka tukarudia picha. Kwa kuwa alikuwa amefurahi, nikamwomba nimpime na presha kwa kile kipima kidogo cha mkono kinachogusa kama mguu wa nzi. Akakubali.

Picha ilituogofya. Neva ya jicho ilikuwa imechimbika kama neva ya mtu aliyeishi na glakoma miaka mingi. Lakini presha yake ilikuwa chini, nzuri, presha ambayo ungetamani kila mgonjwa wako awe nayo.

Daktari Mwende aliziweka faili mbili kwenye meza, ya mume na ya mke.

"Ochieng', hebu niambie kama naota. Huyu anatumia dawa kila siku na presha yake ni ya mtu asiyetumia. Huyu hatumii chochote na presha yake ni ya mtu anayetumia."

"Labda tulibadilisha majina," nikasema.

Hatukuwa tumebadilisha. Nilikagua kila picha na kila saa iliyoandikwa. Ipo glakoma inayokuja bila presha kupanda, na Daktari Mwende aliiandika hiyo kwa mama, ikiwa na alama ya kuuliza. Kwa mzee aliandika kwamba dawa imeshindwa, tumwandae kwa operesheni. Mimi ndiye niliyetumwa kumpigia simu. Akasema, "Kama mmeona hivyo, sawa."

Sikupenda alivyosema sawa. Sikujua kwa nini sikupenda.

Wiki hiyo hiyo Daktari Mwende alikuwa anapitia picha za kamera, analalamika. "Hii ya Mama Rael ina uchafu huku chini. Lenzi ilifutwa?"

"Si uchafu, ni kope zake. Ni ndefu ajabu."

Aliendelea kusogeza picha, kisha mkono wake ukasimama.

"Ndefu vipi?"

"Ndefu na nyeusi. Nilimtania."

Wanangu, mnajua ile dawa ya matone ya jioni inafanya nini kwenye kope ikitumika miezi mingi. Zinakua, zinanenepa, zinakuwa nyeusi. Imeandikwa hata kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Mimi nilikuwa nimeisoma, yeye alikuwa amesoma zaidi yangu, na sote wawili tulikuwa tumetazama mashine. Tukatazamana.

"Nenda kwao," Daktari Mwende akasema. "Usimshtaki. Nenda tu uone."

Nilifika jioni, kabla ya kukamua ng'ombe. Mzee alikuwa amekaa sebuleni, akanikaribisha bila mshangao, nikaletewa mursik, maziwa yao ya mgando ya kibuyu. Tukaongea juu ya mvua na bei ya majani chai. Kisha nikafanya kitu ambacho nataka mkishike hata mkisahau mengine yote. Usimuulize mtu kama anaweka dawa. Mwambie, "Nionyeshe unavyoweka."

"Nionyeshe unavyoweka dawa, mzee."

Akanitazama. Akasimama, akaenda kabatini akaleta chupa ikiwa na kofia yake. Akakaa nayo mkononi, hafungui.

Mama Rael akaingia kutoka jikoni akipangusa mikono. Aliona chupa mkononi mwa mume wake. Akavuta kigoda, akakaa mbele yake, akarudisha kichwa nyuma na kungoja. Hata hakunitazama. Kwake ilikuwa ni saa ya kawaida, kama saa ya kuwasha taa.

Mzee akaifungua ile chupa. Akavuta kope la chini la mkewe kwa kidole, akadondosha tone moja, akahamia jicho la pili, tone moja. Mama akafumba macho, akabonyeza vidole viwili pembeni mwa pua, pale pale tunapowafundisha ili dawa isikimbilie kooni. Mkono wa mzee ulikuwa imara. Sijamwona mgonjwa aliyetiwa dawa vizuri zaidi.

Simu mfukoni mwa mzee ikalia. Akaitoa, akanipa nisome. Hongera, ilisema, umetumia dawa yako leo.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Alianza kumwaga maziwa kando ya kikombe," akasema. "Mimi pia nilianza hivyo hivyo. Nikajua."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mngemwita. Yeye angekataa, halafu angeacha na hii. Nilimwambia ni dawa ya moshi wa jikoni."

"Na wewe?"

"Mwanzo nilikuwa naweka kwake jikoni, halafu naweka kwangu hapa. Simu ikaanza kusema, umefungua chupa mara mbili, dawa ni mara moja tu kwa siku. Kila jioni inasema hivyo. Halafu chupa ikaisha katikati ya mwezi, mtu wa mradi akanipigia akauliza kama namwaga. Nikaona basi. Kama ni mara moja, ni mtu mmoja."

"Ukamchagua yeye."

"Yeye anaogopa giza, daktari. Stima ikipotea tu ananiita. Mimi siogopi."

Muda huo wote Mama Rael alikuwa ameketi macho yamefumbwa, vidole penye pua, kwa kuwa mume wake alikuwa amemfundisha asifungue mapema. Alisikia kila neno. Akashusha mikono polepole.

"Hii si ya moshi?"

Mzee akaifunga chupa.

"Baba Rael, nakuuliza wewe."

"Si ya moshi," akasema.

Akasimama, akachukua ndoo, akatoka. Tukasikia maziwa yakipiga ndoo. Mimi sikujua niende au nikae. Mzee naye hakujua anifukuze au aniongezee mursik, akaniongezea. Ng'ombe alimaliza kukamuliwa, na bado mama hakuingia. Alipoingia alisimama mlangoni.

"Ungeniuliza," akamwambia. "Ningekataa. Lakini ungeniuliza."

Kisha akanigeukia mimi, akataka kujua kwa nini dada yake alirudi bila macho. Nikamweleza kwamba ile operesheni hairudishi kilichokwisha kuliwa, inajaribu kulinda kilichobaki, na kwamba huenda dada alipelekwa kikiwa kimebaki kidogo sana. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hakuna mtu alituambia hivyo," akasema. "Sisi tulijua ni kisu kilimfanya."

Naweza kuamini kabisa kwamba hakuna aliyewaambia.

Walikuja kliniki wote wawili siku chache baadaye. Mama Rael akapata chupa yake mwenyewe, akakataa kofia, akasema atakumbushwa na huyo, akimwonyesha mume wake. Mzee akarudi kwenye dawa yake, na presha ikashuka kama ilivyotakiwa kushuka tangu mwanzo. Daktari Mwende akafuta operesheni. Jicho la kulia likasalimika. La kushoto, kilichopotea katika miezi ile ya kijani kimepotea.

Mimi nilibaki na kazi ya kuwaarifu watu wa mradi. Nikampigia kijana wao aliyetunza takwimu, nikamweleza yote, nikamuuliza zile nukta za Mzee Sang zifutwe au zibaki.

"Chupa ilifunguliwa?" akauliza.

"Ilifunguliwa."

"Kila jioni?"

"Kila jioni."

"Sasa nifute nini?"

Alikuwa sahihi. Kifaa kilifanya kazi kiliyoundwa kufanya, na dawa iliingia kwenye jicho lenye glakoma, likatulia. Ukitaka kuhesabu, mgonjwa mmoja alitibiwa vizuri kabisa.

Ndiyo sababu siku ile mbele yenu nilishindwa. Mlitaka niseme teknolojia ni nzuri, au niseme tujihadhari nayo, na mimi siwezi kusema hata moja nikalala. Ile kofia ndiyo iliyomfanya mzee achague. Lakini bila kamera tusingeona neva ya Mama Rael, naye angeendelea kudhani anatibiwa moshi mpaka siku mume wake angekufa na chupa ingekoma kufunguliwa. Bila kile kipima kidogo, faili mbili zisingegombana mezani. Nimejaribu kuyapanga haya yawe somo, hayapangiki. Nendeni nyumbani kwa watu mkiweza. Someni karatasi ya ndani ya boksi. Mkiona mume na mke wamekuja pamoja, wapimeni wote wawili. Zaidi ya hapo sijui.

Acha niwaambie siku ya mwisho niliyowaona, kabla sijastaafu. Mzee alikuwa ametoka kwenye mashine ya nukta, na Mama Rael akaomba aione ile karatasi. Akaweka kidole penye weusi.

"Hii nyeusi ni wapi?"

"Ni jicho la kushoto, mama."

"Hapana. Namaanisha akiwa anatembea. Ni wapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, wala sikuwahi kufundishwa kumjibu mtu hivyo. Nikamsimamisha mzee katikati ya chumba akitazama mbele, nikapiga hatua kwenda upande wake wa kushoto, nikanyoosha mkono. "Nikiwa hapa hanioni mpaka ageuke." Mama akaja akasimama pale pale nilipokuwa nimesimama, akanyoosha mkono wake pia, akautazama.

Akaikunja ile karatasi, akanirudishia.

Niliwasindikiza mpaka mlangoni. Wanawake wa umri wake huku hutembea nyuma ya waume zao, na walianza hivyo kuteremka kuelekea geti kwenye bodaboda. Katikati ya njia Mama Rael akaongeza mwendo, akamzunguka, akamshika mkono wa koti upande wa kushoto. Mzee akasimama. Akageuza kichwa chote mpaka mwisho, ajue ni nani.

"Ni mimi," mama akasema.